Jim Corbett wa Nyeri: mwindaji aliyejua wakati wa kutofyatua

Barazani, kila kinapozuka kisa cha bunduki, mabishano huwa ni yale yale. Mmoja atasifu ile ya mitutu miwili inayokunjwa katikati, kuwa haina siri wala haigomi. Wa pili atasema hiyo ni ya wazee. Siku hizi ni ile inayojipakia yenyewe, ukifyatua ganda linaruka nje na risasi nyingine inaingia kabla ndege hajafika mbali. Wa tatu hajapata kushika bunduki maishani mwake, lakini ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Wazee wetu walisema mchagua nazi hupata koroma. Leo, ndugu msomaji, nataka tumtazame mtu ambaye bunduki yake ya kwanza ilikuwa koroma kweli kweli, na bado akawa mmoja wa wawindaji wanaojulikana zaidi duniani. Alizaliwa Bara Hindi, akashukia hapa kwetu Mombasa akiwa mzee wa miaka 72, na akazikwa Nyeri chini ya Mlima Kenya. Jina lake ni Edward James Corbett, lakini dunia inamjua kwa jina la Jim Corbett.

Kwa nini tumsimulie mzungu wa Nyeri huku pwani? Kwa sababu sisi pia tunaishi na wanyama. Muulize mkulima wa Kwale anayelala shambani akilinda mahindi yasiliwe na ndovu. Muulize mama wa Tana River anayechota maji akiwa na jicho moja kwenye mamba. Swali la nani ashike bunduki, aelekeze wapi na afyatue lini si la wazungu wa zamani peke yao.

Mtoto wa posta na bunduki mbovu

Corbett alizaliwa tarehe 25 Julai 1875 katika mji wa Nainital, ulio juu ya milima ya Kumaon, kaskazini mwa India. Baba yake, Christopher, alikuwa mkuu wa posta ya mji huo. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na fedha zilikuwa za kuhesabu. Jim hajatimiza miaka 6, baba akafariki. Kaka yake mkubwa, Tom, akachukua kazi ya posta na kubeba mzigo wa nyumba, na mama yao, Mary Jane, akawalea waliobaki. Wakati wa baridi walishuka milimani na kukaa Kaladhungi, kijiji kilichopakana na msitu. Msitu huo ndio uliomlea Jim.

Alikuwa bado mtoto mdogo pale jamaa yao, Stephen Dease, aliyekuwa akiandika kitabu kuhusu ndege wa Kumaon, alipompa kazi ya kumkusanyia ndege. Kwa kazi hiyo alimpa gobori la mitutu miwili, la kushindilia baruti kwa mdomoni. Sasa msikilize sifa zake. Mtutu wa kulia ulikuwa umepasuka. Mitutu na kitako vilishikizwa pamoja kwa waya wa shaba. Uliobaki kufanya kazi ni mtutu mmoja tu, wa kushoto.

Aliyewahi kuliona gobori anajua taabu yake. Unamimina baruti, unashindilia kitambaa, unatia marisau, unashindilia tena, kisha unaweka fataki. Ukikosa, ndege ameshakwenda zake, nawe unaanza upya. Na marisau na baruti havikuwa vya bure katika nyumba ya mjane. Kwa hiyo mtoto yule alijifunza mambo mawili ambayo hakuna duka linayauza. La kwanza ni kusogea karibu, kimya kimya, mpaka awe na hakika. La pili ni kuacha kupiga kama hana hakika. Kuku wa porini na tausi aliowaleta nyumbani walipatikana kwa miguu na macho kwanza, ndipo kwa baruti.

Mwalimu wake mwingine alikuwa Kunwar Singh, mwanakijiji ambaye kwa sheria ya serikali ya Mwingereza alihesabiwa kuwa jangili. Huyo ndiye aliyemfundisha kusoma nyayo, kusikiliza nyani na ndege wanapopiga kelele za hatari, na kupita msituni usiku bila kupotea. Shika jambo hili, tutalirudia tukifika Nyeri: mwindaji mkubwa wa Kiingereza alifundishwa na mtu aliyekatazwa kuwinda.

Akiwa na miaka kama 10 aliingia katika kikosi cha vijana wa kujitolea cha Nainital, akaazimwa bunduki ya kijeshi ya Martini ya risasi moja moja. Nayo pia ilikuwa ya kupiga mara moja, ufungue, utie nyingine. Kwa bunduki hiyo alimuua chui wake wa kwanza.

Reli, makaa na makuli

Wengi wanamdhani Corbett alikuwa mwindaji wa kulipwa. Hapana. Kazi yake ilikuwa ya reli. Alianza ujana wake akisimamia ukataji wa kuni za garimoshi, kisha akapewa kandarasi ya kuhamisha mizigo Mokameh Ghat, kando ya mto Ganges. Reli za pande mbili za mto hazikuwa na upana mmoja, kwa hiyo kila gunia na kila kapu la makaa ya mawe lilishushwa kwenye garimoshi moja na kupandishwa kwenye jingine kwa mikono na vichwa vya watu. Wazee wetu waliokuwa makuli wa Kilindini wangeielewa kazi ile bila kuelezwa. Corbett alikaa pale zaidi ya miaka 20. Alibeba pamoja na vibarua wake, na pale malipo yalipochelewa kutoka juu, alilala njaa pamoja nao. Likizo zake ndizo alizozitumia kuwinda.

Sisi wa pwani tuna kisa chetu cha reli na wala-watu. Mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo walisimamisha ujenzi wa daraja la reli iliyotoka Mombasa, wakila vibarua waliokuja kutoka India, mpaka mhandisi J. H. Patterson alipowaua mwezi wa Desemba mwaka ule. Huko Kumaon mambo yalikuwa mabaya zaidi.

Simbamarara wa Champawat

Mwaka 1907 Corbett aliombwa kumfuata simbamarara mmoja jike, yaani chui milia mkubwa wa Bara Hindi. Alikuwa ameua watu kama 200 nchini Nepal, akafukuzwa huko kwa nguvu za silaha, akavuka kuingia Kumaon na kuendelea. Hesabu yote ilifika watu 436. Vijiji vilifunga milango mchana. Wanawake waliogopa kwenda kukata majani ya ng'ombe.

Corbett alikubali kwa masharti mawili: zawadi ya fedha iliyotangazwa ifutwe, na wawindaji wengine waondolewe msituni. Hakutaka kuitwa mwindaji wa zawadi, wala hakutaka kupigwa risasi ya kisogoni na mtu anayekimbilia fedha.

Hapa ndipo wapenzi wa bunduki wasikilize. Siku ya mwisho, wanakijiji karibu 300 waliteremka mlimani wakipiga kelele, ngoma na magobori, ili kumtoa mnyama. Corbett alikuwa bondeni na bunduki nzito, lakini alikuwa na risasi 3 tu. Alihesabu kuwa mbili zingetosha na ya tatu ingekuwa ya dharura. Zote tatu zikaisha, na simbamarara bado alikuwa hai, amesimama juu ya jabali. Corbett akakimbia hadi kwa ofisa wa wilaya aliyekuwa naye, akamnyang'anya bunduki yake ya marisau iliyotiwa risasi kubwa, akarudi mbio. Alipoinua ndipo akaona kuwa bunduki yenyewe ilikuwa imechakaa, na kati ya mitutu na nyuma yake palikuwa na mwanya wa kupitisha kidole cha mtoto. Alilenga mdomo wa mnyama. Risasi ikampata mguuni. Kwa bahati majeraha ya mwanzo yalikuwa yameshafanya kazi yake, akaanguka kichwa kikining'inia jabalini.

Mtu mwingine angerudi nyumbani kusimulia ushujaa. Corbett alimfungua mdomo mnyama akaangalia meno. Upande wa kulia, jino la juu la kuchania lilikuwa limevunjika nusu, la chini limevunjika hadi kwenye mfupa. Lilikuwa jeraha la zamani la risasi. Mtu fulani, miaka mingi nyuma, alifyatua bila kulenga vizuri, akamwacha mnyama aende zake na mdomo mbovu. Mnyama akashindwa kukamata mawindo yake ya kawaida, akageukia binadamu. Risasi moja ya uzembe ililipwa na watu 436, na aliyeifyatua hakujulikana.

Kwangu mimi, kisa cha Corbett kiko hapa. Maisha yake yote yaliyobaki alirudia fundisho lile: simbamarara na chui si wala-watu kwa asili yao, na mara nyingi mkono wa mwanadamu ndio uliowafikisha huko, kwa risasi iliyojeruhi bila kuua au kwa msitu uliokatwa.

Bunduki ya heshima

Kwa kazi ya Champawat, gavana wa jimbo, Sir John Hewett, alimtunuku bunduki ya Rigby ya .275, ikiwa na kibao cha fedha kilichoandikwa sababu yake. Ilikuwa nyepesi, ya kuvuta bolti kwa mkono kila unapotaka kupiga. Kwa wanyama wakubwa ndani ya kichaka alikuwa pia na Jeffery ya mitutu miwili ya .450/400, nzito na ya teke kali, lakini yenye risasi mbili za kuaminika bila kusogeza chochote. Ukimuuliza mtu wa aina yake bunduki ipi ni bora, jibu lake lilikuwa katika safari inayomkabili: ya kutembea nayo maili 20 mlimani, au ya kukutana uso kwa uso hatua 10.

Rigby ile ndiyo aliyokuwa nayo kwa chui wa Rudraprayag. Chui huyo alikaa kati ya 1918 na 1926 akiwaua watu 125 katika njia ya mahujaji wa Kihindu wanaokwenda Kedarnath na Badrinath. Serikali ilitega mitego, ikatia sumu, ikaleta askari, chui akaendelea. Corbett alikesha usiku kwa usiku, wiki kwa wiki, hadi mwanzoni mwa Mei 1926, akiwa juu ya mwembe kando ya njia, akampata kwa risasi moja gizani, kwa msaada wa tochi iliyofungwa kwenye bunduki. Asubuhi alimkuta ni chui mzee, wa kawaida tu kwa sura.

Kati ya hayo yote alikwenda vitani. Mwaka 1917 aliwapeleka vibarua 500 wa Kumaon hadi Ufaransa. Alinunua pia kijiji cha Choti Haldwani karibu na Kaladhungi, akawagawia watu mashamba, akajenga ukuta wa mawe kuzuia nguruwe wa mwitu, na akawa anawalipia kodi ya ardhi. Hakuoa. Maisha yake yote aliishi na dada yake, Maggie.

Ndege 300

Umefika wakati wa kusema jinsi bunduki ilivyoanza kumtoka mkononi. Wanaosimulia maisha yake hutaja siku aliyotoka na maofisa wa jeshi kwenda kuwinda bata wa ziwani. Wageni wake walipiga ndege mpaka wakafika kama 300, kupita kiasi cha kula, kubeba au hata kuokota. Mtoto aliyewahi kushindilia mtutu mmoja kwa ajili ya ndege mmoja alitazama rundo lile akaona haya. Tangu miaka hiyo alizidi kushika kamera badala ya bunduki, akapiga filamu za simbamarara wakiwa huru. Aliendelea kuua wala-watu pale wanakijiji walipomwita. Wa mwisho, wa Thak, alimuua Novemba 1938 akiwa na miaka 63. Mwaka 1936 alikuwa ameshasaidia kuundwa kwa mbuga ya kwanza ya taifa ya India, ambayo baadaye ilipewa jina lake.

Hapa turudi barazani kidogo. Bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe si jambo jipya. John Browning wa Marekani aliibuni mwisho wa karne ya 19, na kiwanda cha FN cha Ubelgiji kikaanza kuitengeneza miaka michache baadaye, Corbett akiwa kijana wa reli. Katika ile ya Browning, teke la bunduki ndilo linalosukuma mtambo nyuma, kutupa ganda na kuingiza jingine. Nyingi za leo hutumia moshi wa baruti yenyewe kufanya kazi hiyo, na kwa hivyo teke hupungua. Ndiyo maana wanaolenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani huzipenda: mtu anafyatua mara 100 kwa siku na bega linabaki zima. Kwa mchezo huo sina neno. Kisahani hakijeruhiki kikakimbilia kichakani.

Lakini kwa ndege hai, wenye bunduki hizo wenyewe waliona hatari mapema. Tangu 1935 sheria ya Marekani inataka bunduki ya kuwindia ndege wanaohama izibwe isichukue zaidi ya risasi 3. Maana yake ni kwamba wepesi wa mtambo ulipozidi, ilibidi serikali iweke kizuizi ambacho gobori bovu lilikuwa nacho kwa asili. Anayechagua bunduki kwa kuuliza tu inatoa risasi ngapi, anauliza swali la wale maofisa wa ndege 300.

Kutoka Bombay hadi Mombasa, na Nyeri

Corbett hakuwa mgeni Afrika Mashariki. Tangu miaka ya 1920 alikuwa na hisa katika shamba Tanganyika, chini ya Kilimanjaro, pamoja na rafiki yake Percy Wyndham, akisafiri baharini kuja na kurudi. Vita Vikuu vya Pili vilimkuta mzee, akafundisha askari namna ya kuishi msituni, akaugua sana. Mwaka 1944 kitabu chake cha kwanza kuhusu wala-watu wa Kumaon kikatoka, kikampa jina duniani kote.

India ilipopata uhuru mwaka 1947, yeye na Maggie waliogopa kuwa hapatakuwa na nafasi tena kwa watu kama wao. Inasimuliwa kuwa kabla ya kuondoka alizika baadhi ya bunduki zake msituni Kaladhungi. Mwisho wa mwaka ule wakapanda meli Bombay wakaja Mombasa, njia ile ile ambayo majahazi yetu yalikuwa yakiijia kwa upepo wa kaskazi karne nyingi. Kutoka pwani wakapanda bara hadi Nyeri.

Nyeri ilikuwa mji wa walowezi, katikati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Hapo Eric Sherbrooke Walker na mkewe walikuwa na hoteli ya Outspan, na ndani ya uwanja wake palikuwa na nyumba ndogo iitwayo Paxtu. Ilijengwa 1938 kwa ajili ya Baden-Powell, mwanzilishi wa Maskauti, aliyefariki humo Januari 1941. Ndiyo nyumba waliyokaa Corbett na dada yake. Akiwa hapo aliandika vitabu zaidi na kupiga picha za wanyama.

Walker alikuwa pia na Treetops, nyumba aliyoijenga mwaka 1932 juu ya mti wa mugumo ndani ya msitu wa Nyandarua, ambako wageni walikesha kutazama ndovu na vifaru wakija kunywa maji. Tarehe 5 Februari 1952 alifika hapo Binti Mfalme Elizabeth na mumewe. Corbett alialikwa kuwa miongoni mwa wenyeji wake. Usiku, wengine walipolala, mzee yule wa miaka 76 alikaa juu ya ngazi akilinda mlango wa mti. Usiku ule Mfalme George wa Sita akafariki Uingereza, na aliyepanda mti akiwa binti mfalme akashuka akiwa malkia. Safari hii bunduki ya Corbett ilikuwa ya kulinda tu, na haikuhitajika kulia.

Upande mwingine wa msitu

Lakini haki ya simulizi ni kusimulia pande zote. Wakati Corbett akiandika barazani Paxtu, Wakikuyu waliomzunguka hawakuruhusiwa kumiliki bunduki, na aliyetega mnyama ili ale aliitwa jangili, kama alivyoitwa Kunwar Singh. Leseni ilikuwa ya mzungu, na mnyama pia alikuwa wake. Ardhi nzuri ya Nyeri na Nanyuki ilikuwa imeshachukuliwa.

Tarehe 20 Oktoba 1952, miezi minane tu baada ya usiku ule wa Treetops, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Msitu uliokuwa wa kutazamia ndovu ukawa wa kuwindia watu. Wapiganaji wa Mau Mau wakiongozwa na Dedan Kimathi, kijana wa Nyeri hiyo hiyo, walitengeneza bunduki zao kwa mabomba ya maji, mbao na kitasa cha mlango. Nyingine ziliweza kumlipukia mpigaji mwenyewe. Wanavijiji wakahamishwa kwa nguvu na kulazimishwa kuchimba handaki refu kando ya msitu. Mwaka 1954 Mau Mau wakaichoma moto Treetops. Mti wa mugumo, ambao kwa Wakikuyu ni mti wa ibada, ulikuwa umefanywa ngazi ya watalii.

Simlaumu Corbett kwa sheria ambazo hakuzitunga. Lakini mtu aliyefundishwa msitu na jangili, aliyekula na makuli, aliyejua mnyama hageuki mla-watu bila kujeruhiwa kwanza, alikuwa na kila sababu ya kuliona jambo hilo kwa jirani zake. Katika kitabu chake kifupi cha mwisho kuhusu Treetops, yeye aliukumbuka zaidi usiku wa malkia.

Alifariki Nyeri kwa maradhi ya moyo tarehe 19 Aprili 1955, akiwa na miaka 79, muda mfupi tu baada ya kukimaliza kitabu hicho. Alizikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, si mbali na kaburi la Baden-Powell lenye alama ya duara na nukta katikati. Maggie alibaki Nyeri mpaka naye akafariki 1963, mwaka wa uhuru wetu. Rigby ya .275 Corbett aliiacha kwa wachapishaji wa vitabu vyake, Oxford, na baadaye ikarudi kwa kampuni iliyoitengeneza.

Tunachokichukua

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwa hiyo kwa wengi wetu suala la bunduki ipi ununue ni la barazani tu, au la mwanachama wa klabu ya kulenga mwenye kibali halali. Lakini fundisho la Champawat halijapitwa na wakati. Ndovu aliyepigwa mshale wa sumu au risasi ya mbali huko Taita au Kwale hafi siku ile. Anakwenda na jeraha lake na hasira zake, na anayekutana naye alfajiri ni mtoto anayekwenda shule, asiyejua lolote. Anayefanya vile kwa uchungu wa shamba lake naelewa uchungu wake, na serikali inayochelewesha fidia ina sehemu yake katika dhambi ile. Hata hivyo jeraha halichagui nani wa kulilipa.

Na wenye mamlaka nao wakumbuke Nyeri ya 1952. Ukimlinda mnyama na kumsahau aliye jirani yake, msitu huo hautakaa salama.

Ukipata safari ya kwenda Nyeri, ingia pale kanisani, makaburi yako wazi kwa wageni. Utamkuta mzee aliyeanza na mtutu mmoja mzima na waya wa shaba, akafikia bunduki bora za zama zake. Kila alipofyatua, alikuwa ameshajiuliza kama ni lazima.